Jumanne ya Nyegezi

Sina subira na mtu anayenisimulia filamu. Akianza tu "basi yule jamaa akashuka kwenye gari," namkatiza na kumuuliza mwisho wake ulikuwaje, tuendelee na mambo mengine. Watoto wangu wananijua kwa hilo na hunicheka. Wasichojua ni kwamba kuna wiki moja, katika miaka ya tisini, niligeuzwa msimulizi wa filamu bila kupenda, nikatumwa kutoka upande mmoja wa Mwanza hadi mwingine nikiwa nimebeba filamu kichwani, na kazi yenyewe ikanishinda.

Tulikaa Kirumba, juu kwenye mawe, mahali ambapo ukiangusha sufuria unaenda kuiokota kwa jirani wa chini. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na televisheni yetu aliinunua kwa mwenzake wa kazini aliyekuwa amepata ya rangi. Ya kwetu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kitufe cha sauti kilikuwa kimeng'oka, tukawa tunatumia koleo. Antena ilifungwa kwenye mlingoti uliobanwa katikati ya mawe mawili, na kazi ya kuigeuza ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Kwa mama, mtu anayesubiri matokeo ni mtu asiye na kazi.

Miaka michache tu nyuma yake, televisheni kwetu ilikuwa kitu cha kuhadithiwa na watu waliofika Zanzibar au Kenya. Sasa vituo vilikuwa vimeanza, maduka yamejaa vitu, na kila aliyepata senti mbili alitaka kioo sebuleni. Umeme ndio uliokuwa haujajaa. Kulikuwa na mgao: leo upande wetu wa mji unawaka, kesho upande wa kusini, Mkuyuni mpaka Nyegezi. Tuliuzoea mgao huo kiasi kwamba mtu akikualika chakula cha jioni, ulimuuliza kwanza kwao ni zamu ya siku gani.

Nyegezi ndiko alikokaa mama mkubwa, dada yake mama. Walizaliwa Nansio, ng'ambo ya ziwa, mabinti wawili tu, wote wakaja kuolewa Mwanza, na utoto wangu wote sikumbuki Jumapili iliyopita bila mmoja kwenda kwa mwenzake. Lakini wiki ninayoisimulia walikuwa hawazungumzi. Walikuwa hawajazungumza tangu msiba wa babu.

Mama mkubwa alikuwa mfanyabiashara. Mipaka ilipolegezwa, alikuwa wa kwanza katika ukoo mzima kufunga safari za Sirari, mpakani, kufuata vitenge na mitumba, na huko ndiko alikokuwa babu alipofariki. Habari ilimfikia kwa mdomo wa kondakta wa basi. Alipofika Mwanza, meli ya Nansio ilikuwa imeshaondoka. Alipovuka kesho yake, babu alikuwa amekwisha kuzikwa. Hilo peke yake nadhani angelimeza. Kilichomkaa kooni ni maneno aliyopewa na shangazi yao palepale gatini, kabla hajatua hata mzigo: kwamba mchungaji alipomwita mtoto wa kwanza wa marehemu aje atupe udongo, mdogo wake ndiye aliyejitokeza.

Kwetu udongo wa kwanza ni wa mzaliwa wa kwanza, awe wa kiume awe wa kike. Mama mkubwa alifika msibani na lake moja. Alimwambia mama mbele ya waombolezaji, "Hukunisubiri, sawa. Lakini hata nafasi niliyopewa na Mungu ukaikalia?" Mama akainama. Mama yangu ni mtu ambaye ukimfokea mbele ya watu hufunga mdomo, akidhani kimya chake kitaeleweka. Hakikueleweka. Tulipomuuliza baadaye alijibu, "Hayo ni ya kaburini, yaacheni huko." Jumapili zikawa ndefu. Mama akawa anapika chakula kingi kwa mazoea, halafu anagawa kwa majirani huku amenuna.

Basi kituo kimoja kikatangaza kwamba wiki nzima, kila jioni baada ya taarifa ya habari, kitaonyesha vipindi na filamu za zamani, za wakati wazazi wetu wangali vijana. Jumatatu ilikuwa zamu yetu ya umeme. Majirani walikuja mapema, waliokosa nafasi ndani wakajipanga dirishani. Kikaanza kipindi cha kuchekesha, mzee mnene anakalia kiti chenye rangi mbichi, na kila akigeuka kunasikika umati ukiangua kicheko. Baba alisogea mpaka karibu na kioo. "Hao wanaocheka wamekaa wapi?" aliuliza. Swali hilo lilimsumbua wiki nzima.

Halafu ikaingia filamu yenyewe. Jirani yetu mmoja, dereva wa lori mwenye televisheni ya rangi, alikuja mbio akiwa na taulo kiunoni. Alikuwa ameipiga yake makofi mpaka mkono ukamuuma, akidhani imekufa rangi. Alipoambiwa filamu yenyewe ya zamani ndiyo haina rangi alifurahi sana, akaketi kwetu. Nami nilifurahi. Kwa wiki moja tu, wenye rangi na wasio na rangi tulikuwa sawa.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza cha puani, na mimi msomi wa nyumba niliambulia neno hapa na neno pale. Lakini mambo yalionekana. Kulikuwa na mwanamume mrefu mwenye masharubu membamba na kofia, mpole, anayempenda mwanamke mmoja wa dukani. Mama alimpenda palepale. "Huyu ametulia," alisema. Mwishoni wakampiga risasi kwenye kituo cha treni. Wakamzika kwenye mvua, jeneza limefungwa, watu wachache na miavuli yao, mambo yakaisha mara moja.

"Mbona wanazika haraka hivyo?" mama alipaza sauti, amekasirika kweli. "Hata ndugu hawajafika! Wangesubiri hata..."

Akanyamaza. Sebule nzima ilijua kwa nini amenyamaza, maana habari ya Nansio ilikuwa inajulikana Kirumba yote. Baba akaangalia dari. Mimi nilitoka nje kujifanya nageuza antena, ingawa picha ilikuwa safi.

Jumanne tulikuwa gizani, tukalala mapema. Jumatano umeme ukarudi, habari ikaisha, filamu ikaanza, na mtu wa kwanza kuonekana ni yule wa masharubu, anatembea kando ya mto, mzima kabisa.

Kelele iliyopigwa dirishani iliwaamsha kuku. "Amefufuka!" "Hajafufuka, hakufa!" Nikasimama mbele ya watu wazima wale, nikaeleza kwa adabu kwamba hii ni filamu nyingine, haina uhusiano na ile, ila mwigizaji ni mmoja, ndiyo kazi yake, leo anaitwa huyu na kesho yule.

"Kwani mimi sina macho?" mama aliniuliza. "Si yuleyule? Si masharubu yaleyale? Angalia anavyotembea."

Niliangalia. Ni kweli, katika filamu ya pili yule bwana alikuwa anachechemea.

"Unaona?" mama alisema. "Bado hajapona vizuri."

Hapo nilishindwa. Dereva wa lori akaunga mkono: jeneza lilikuwa limefungwa, hatukuonyeshwa uso, kwa hiyo nani ana hakika alizikwa nani? Mjane wa nyumba ya juu akasema huko kwa wazungu wana dawa. Wakakubaliana wote kwamba jambo lililomponya mtu huyu lilitokea Jumanne, na Jumanne umeme ulikuwa Nyegezi.

Asubuhi ya Alhamisi mama alianza kunizunguka. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Mwishowe akafunga dagaa wa kukaanga ndani ya kitambaa, akanipa. "Peleka kwa mama mkubwa wako. Usiseme nimekutuma."

"Sasa niseme nani amenituma?"

"Sema umewaza mwenyewe. Na ukiwa huko, kama mazungumzo yataelekea huko yenyewe, uliza habari ya Jumanne."

Nikapanda gari la Nyegezi nikiwa nimekunja uso. Nilimpenda mama mkubwa, na nilimkosa sana, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimewakasirikia wote wawili. Nilimkuta uani anapanga viatu vya mitumba. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akapokea dagaa, akakitazama kile kitambaa. Alikijua. Alikinunua mwenyewe. Akakikunja taratibu, akakiweka kifuani, wala hakuuliza mama hajambo.

Aliuliza, "Jumatatu kwenu umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Basi kaa. Yule mwanamume wa masharubu alifanyaje? Maana sisi Jumanne tumeanza kumwona yuko hospitali, kichwa kimefungwa bandeji, mama yake analia. Nani alimpiga?"

Niliweka mikono kichwani. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wa Kirumba, kwamba kila siku ni filamu yake. Mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe nawe na shule yako," alisema. "Nani alimpiga?"

Nikasimulia. Risasi, treni, mvua, jeneza. Kila mara alinisimamisha. Mama mkubwa ana tabia hiyo tangu zamani, ukimhadithia kitu kikamgusa anakwambia, "Rudia hapo." Nilirudia kituo cha treni mpaka nikakichukia. Kisha akanipa Jumanne yake niipeleke: hospitali, bandeji, muuguzi mwenye roho mbaya, mama mtu aliyekesha kando ya kitanda mpaka mwanawe akafumbua macho. Aliisimulia akiwa amesimama, akiigiza wote, mpaka yule muuguzi. Hakuniambia niipeleke kwa nani.

Nyumbani mama alikuwa ameketi ananisubiri. Nikamwambia, "Alikuwa hospitali, akapona."

"Akaponaje?"

"Alifumbua macho."

"Nani alikuwa naye?"

"Mama yake."

"Alivaa nini?"

"Nani?"

"Huyo mama!"

"Sikuuliza."

"Alilia kabla hajafumbua macho au baada?"

"Mama, sijui."

"Unasimulia kama unasoma taarifa ya habari," mama alisema kwa uchungu. "Rudi kesho ukaulize vizuri. Na leo wana umeme, kwa hiyo kesho uje na Alhamisi pia."

Uvumilivu ukanitoka. Nilikuwa binti mkubwa, nina matokeo ya kuwaza, na siku nzima imeishia kwa mtu asiyekuwepo duniani. "Sirudi," nilimwambia. "Nendeni mkaulizane wenyewe. Mimi si posta. Mnamlilia mzungu wa kwenye kioo na ninyi wenyewe mko hai, mnakaa mji mmoja!"

Nilingoja kofi. Halikuja. Mama aliingia ndani, na Ijumaa yote hakunisemesha. Jioni ile filamu ilionyeshwa, yule bwana akawa na mvi, mama akaitazama. Majirani walipomuuliza imekuwaje kijana amezeeka usiku mmoja, alijibu kwamba sehemu ya katikati hanayo.

Jumamosi niliamka nikasikia harufu ya pasi ya mkaa. Mama alikuwa ananyoosha kitenge chake cha kutokea. Nikauliza tunakwenda wapi.

"Wewe si posta," alisema bila kuinua uso. "Nakwenda mwenyewe kuchukua Jumanne yangu. Ukitaka kunisindikiza, nisindikize."

Baba alijitia hamnazo, akaendelea kunyoa ndevu. Ila tulipofika mlangoni alisema, "Mwambieni shemeji nauliza wale wanaocheka wanakaa wapi." Nikajua amefurahi.

Tulipofika Nyegezi mama alisimama nje ya uzio kwa muda mrefu, mkono ukicheza na ncha ya kitenge. Niliogopa atageuka. Nilijua kabisa kwamba akigeuka pale, hatarudi tena. Nikapiga hodi mimi.

Mama mkubwa alitoka na ungo wa mchele mkononi. Wakatazamana. Mama, ambaye ndiye mdogo, akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," mama mkubwa alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa na neno jingine tayari, "Karibuni. Mchele huu una mawe."

Wakakaa kwenye mkeka uani, ungo katikati yao, wote wakichagua mawe. Mimi niliketi kwenye ngazi na kujaribu kutopumua kwa nguvu. Mama akaanza, macho yakiwa kwenye mchele. "Nasikia alikuwa na bandeji."

Basi mlango ukafunguka. Mama mkubwa alitoa Jumanne yote, alitoa na Alhamisi, ambapo yule bwana alikuwa nahodha wa meli na mama mkubwa alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba alikwenda baharini kubadili hewa baada ya ugonjwa. Mama akatoa Jumatano na mguu wake unaochechemea. Wakapigana vikumbo kwa maneno kuhusu mvi za Ijumaa. Wakaiunganisha hadithi ile, kipande cha Kirumba na kipande cha Nyegezi, mpaka ikakaa sawa kabisa, nzuri kuliko zote zilizoonyeshwa. Mama mkubwa akacheka mpaka ungo ukamwagika. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kicheko chake.

"Sasa nipe Jumatatu," alisema akijifuta macho. "Mwanao amenipa mifupa tu."

Mama akampa. Alianzia dukani, akafika kwenye treni, akafika makaburini. "Mvua inanyesha. Jeneza limefungwa. Wakaliteremsha, halafu yule mwanamke wa dukani akasogea, akatupa ua."

"Yeye ndiye aliyetupa wa kwanza?" mama mkubwa aliuliza.

Hakukusudia. Niliona usoni kwamba hakukusudia. Lakini lilikuwa limekwisha kutoka, na mikono ya wote wawili ikasimama juu ya mchele. Kuku akasogea kuiba punje, hakuna aliyemfukuza.

Kisha mama mkubwa akasema polepole, "Hiyo nimeisikia. Sasa nihadithie na ile nyingine. Ile siku ambayo mimi sikuwepo."

Mama alianza asubuhi, kama mtu anayejua msikilizaji wake anataka kila kitu. Alisema jeneza lilitengenezwa na fundi wa jirani, rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri, ikashika kwenye mikono ya wabebaji. Alisema babu alivalishwa koti la kahawia.

"Lile nililomletea?"

"Hilohilo."

"Lilikuwa limepungua kifungo."

"Nilikishona."

Mama mkubwa akaitikia kwa kichwa, aendelee. Mama akasema aliwaomba wazee wasubiri meli ya kesho yake, wakakataa, wakasema mwili hautangoja, jua lilikuwa kali. Akaomba mara ya pili, wakamwambia asiwachoshe. Akakaa mahali anapoona ziwa. Alikaa hapo mpaka walipomwinua.

"Mchungaji akamwita mtoto wa kwanza wa marehemu," mama alisema. "Watu wakaangaliana, kimya. Akaita tena. Nafasi yako imekaa wazi mbele ya watu wote, kama vile baba hakukuzaa. Sikuweza kuivumilia, dada. Nikaenda. Nikashika udongo, nikamwambia, baba, huu ni wa dada, yuko njiani. Nikatupa. Halafu nikarudi mwisho wa mstari, nyuma ya wajukuu, nikangoja zamu yangu. Ndipo nikatupa wangu."

Niliinua kichwa pale kwenye ngazi. Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa mwisho wa mstari wa wajukuu, na nilimwona mama amekuja kusimama nyuma yangu ilhali nilikuwa nimemwona kaburini muda mfupi kabla. Nilidhani msiba umemchanganya. Nikasema hivyo, kwa sauti, bila kuulizwa: "Ni kweli. Alisimama nyuma yangu."

"Shangazi hakuniambia hiyo ya pili," mama mkubwa alisema.

"Alikuwa ameshaondoka kwenda jikoni."

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Mama akaanza kulia. Mama mkubwa alisogeza ungo pembeni kwa mguu, akahamia upande wa mama wa mkeka, wakakaa bega kwa bega wakitazama uzio. Mimi nami nililia, sikuona aibu.

Jua likashuka tukiwa hapohapo, mchele haujapikwa bado. Umeme wa Nyegezi ukawaka. Ndani, watoto wa mama mkubwa wakafungua televisheni, habari ikapita, ukaingia muziki wa filamu.

"Mama! Imeanza!" wakaita. "Yule wa masharubu yuko hapa!"

"Zimeni," mama mkubwa alisema.

"Lakini mama..."

"Nimesema zimeni. Kesho tutamwona Kirumba."

Muziki ukakatika. Mama mkubwa akautwaa mkono wa mama, akaulaza juu ya goti lake.

"Rudia hapo," alimwambia.

"Wapi, dada?"

"Pale ulipomwambia baba niko njiani."

Mama akajifuta uso kwa kitenge, akarudia.